Jina la Kwanza Kwenye Barua

Mwaka wa tatu tangu mamluki wa kizungu watue Moroni, mji mkuu wetu, niliamini kwa akili zangu timamu kwamba wazungu wale walikuwa na mashine ya kusemesha barua. Ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, ilikuja ndani ya sanduku la zinki, na ilibebwa na watu kumi na wawili, wanne kati yao hawakupata tena kusimama wima. Unaitia barua kwenye tundu, inanguruma kidogo, kisha inaisoma kwa sauti ya yule yule aliyeiandika. Kama uliandika ukiwa na mafua, nayo inasoma kwa pua. Kama uliacha kalamu ukaenda kula, nayo inanyamaza kwa muda ule ule, halafu inacheua. Habari hii niliipata kwetu Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, kibandani kwa Bwana Ankili mshona viatu, kutoka kwa mpagazi wa bandarini aliyekuwa na binamu aliyefagia kambi ya wazungu. Bwana Ankili, misumari midogo ameibana midomoni, alimuuliza kama binamu huyo aliiona mashine au aliisikia tu. Mpagazi akajibu kwamba aliifuta vumbi. Mimi ushahidi huo ulinitosha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa bandarini mchana na mwanafunzi wa shule ya jioni baada ya kazi. Nilijua vitenzi vyote vya Kifaransa pamoja na vile ambavyo Wafaransa wenyewe wamevisahau, na mtu aliyesoma kiasi hicho hashindwi kuamini mashine.

Bwana Ankili amefariki mwaka huu. Nilipoletewa habari hapa Moroni, ambako nimeishi tangu nilipohamishwa kazi, nilipanda boti kwenda hitimani kwake, na njia nzima nikawa nawasimulia abiria wenzangu mambo ya mwaka ule, kama nilivyomsimulia mke wangu, watoto wangu, madereva wa teksi na daktari wa macho. Katika simulizi yangu, askari waliokuja kumkamata mzee wetu Fundi Daruweshi walikuwa ishirini. Walikuwa wawili. Naandika sasa kwa sababu niliyoambiwa siku ile ya hitima yamenirudisha nyuma niyapange upya, na nitajitahidi kutaja idadi za kweli, isipokuwa pale ambapo idadi ya kweli inatia aibu.

Kwetu Ndzuani nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na sanduku lake na adabu zake. Nyumba ya Ma Zaharati, mke wa Bwana Ankili, ilikuwa ndani kabisa ya mji wa kale, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kujibandika ukutani. Ndani kulikuwa na ukumbi mmoja mrefu, kitanda cha nguzo mwisho wake, mikeka, saa ya ukutani iliyosimama tangu enzi za Wafaransa, na dirisha dogo lililotazama bomba la mtaa. Bomba hilo lilikuwa limekauka miezi saba, na watoto walikuwa wamelifunga kamba wakaligeuza punda. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha jirani, kapera, na kwa huruma ya Ma Zaharati nilikula pale karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, pamoja na mumewe na babake yeye Ma Zaharati, Fundi Daruweshi. Fundi, kwetu, ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Huyu alikuwa amekwisha kuusomesha nusu ya mtaa, wanawake na wanaume, na nusu nyingine aliichapa bila kuisomesha. Tulikula ndizi mbichi za kuchemsha na samaki, au mataba, yaani kisamvu kilichopikwa kwa nazi mpaka kikawa cheusi, na pilipili ya kusaga ambayo ingemfanya maiti aombe maji. Na maji ndiyo yaliyokuwa taabu. Ma Zaharati alitugawia kwa kikombe cha chai. Yeye na wanawake wa mtaa waliyafuata juu mtoni, ndoo kichwani, mara mbili kwa siku, na hawakutulalamikia hata mara moja. Vikombe tu ndivyo vilivyolalamika, kwa jinsi vilivyotuliwa mkekani.

Ubaya ni kwamba mabomba mapya nilikuwa nayajua. Yalishushwa kutoka melini kwa tishari miezi mingi kabla, mabomba ya chuma kwa ajili ya maji ya mtaa wetu, ndivyo karatasi zilivyosema, na mimi ndiye niliyepita na kopo la rangi nikipaka kila moja pete nyekundu mwishoni, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupaka shehena alama. Yakapakiwa kwenye lori, lori likaondoka, na hakuna mtu aliyeuliza yalishushwa wapi. Siku moja nikalitaja jambo hilo wakati wa chakula, kwa majivuno tu, nikieleza jinsi nilivyopaka mabomba elfu mbili peke yangu kwa asubuhi moja. Ma Zaharati alikuwa akipakua. Mkono ukasimama. Akaniuliza rangi gani. Nikamwambia nyekundu, kama kucha za bibi harusi. Akaendelea kupakua. Siku ya nne yake, yeye na wenzake watano, wamejitanda shiromani zao, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Ndzuani inayofunika kuanzia utosini hata usimjue mama yako mzazi, walikwenda mtoni kama kawaida, ila hawakuishia mtoni. Walipanda zaidi, mpaka kwenye kiwanda cha kukamulia mafuta ya ilangilangi cha mkubwa mmoja wa serikali, ambaye simtaji kwa kuwa wajukuu zake ni watu wema. Mafuta hayo hupatikana kwa kuchemsha maua, na mvuke wake hautulii mpaka upozwe kwa maji baridi yanayopita mchana kutwa. Wanawake wakajifanya wanatafuta kazi ya kuchuma maua. Mmoja akaketi juu ya bomba akisingizia mwiba mguuni, akafuta tope kwa unyayo. Pete nyekundu ikamtazama. Ma Zaharati alituletea habari hiyo akipakua wali, bila kupandisha sauti. Alisema, "Mabomba yetu yanapoza mafuta ya mtu."

Fundi hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Ouani, mji wa jirani, kwa nduguye, anaugulia homa. Sisi watatu tuliobaki tukapatana kuandika barua kwa ofisi ya serikali, na kwa kuwa Kifaransa kilikuwa kwangu, nikawa katibu, jina ambalo sijavuliwa mpaka leo. Barua iliomba mambo mawili. Kwanza, wananchi waelezwe mabomba yao yako wapi. Pili, kila kazi ya mtaa itakapofanywa, watu wawili wa mtaa wawepo, kuanzia bandarini mpaka tone la kwanza litoke. Leo maneno hayo yanaonekana mepesi. Mwaka ule, ambapo jina la rais lilisemwa kwa kunong'ona hata na waliokuwa wakimsifu, na ambapo watu waliitwa Moroni wakarudi hawataki kuzungumzia habari za Moroni, yalikuwa mazito kama jiwe la kusagia. Niliiandika kwenye mkeka wa Ma Zaharati nikiwa nimejaza maji mdomoni ili sauti yangu isiingie kwenye karatasi. Bwana Ankili aliniuliza kama jino linaniuma. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na hakika kwamba mashine ikiisha kuimeza barua ile itatoa mlio wa maji tu.

Sasa nieleze kosa letu, kosa ambalo sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya. Kwetu hakuna orodha isiyokuwa na daraja. Iwe ni sinia za walima ya harusi, iwe ni safu ya msikitini, iwe ni majina chini ya barua, kila mtu ana mahali pake, na mahali pa kwanza si pa aliyelianzisha jambo. Ni pa yule ambaye asipowekwa hapo, mtaa mzima utaona haya. Nilipoipeleka karatasi kwa wanaume waitie sahihi, wa kwanza aliitazama juu, akaona patupu, akanirudishia kalamu kana kwamba ilikuwa ya moto. "Nitakaaje mbele ya Fundi?" akasema. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu aliniuliza kama Fundi amekufa. Nilizunguka milango thelathini na karatasi yangu ikabaki safi kama sanda. Basi nikaketi barazani, nikaandika juu kabisa, kwa mkono wangu, jina la Fundi Daruweshi. Ikawa kama nimefungua kizibo. Hata kufika adhuhuri ya pili wanaume ishirini na tisa walikuwa wamejipanga chini yake kwa daraja zao, ugomvi ukitokea mara moja tu, baina ya mashemeji wawili waliogombea nafasi ya sita. Mimi, kapera asiye na daraja, nikajiandika wa mwisho. Jina la mwanamke halikuwemo hata moja. Ma Zaharati aliiangalia ile karatasi, akauliza waliokwenda kuyaona mabomba wako wapi humu. Nikamjibu kwa heshima zangu zote kwamba jina la mumewe lipo, nafasi ya tisa. Akanirudishia karatasi ameishika kwa ncha, kama mtu anavyoshika mkia wa samaki aliyeoza.

Bwana Ankili aliifikisha barua ofisini ndani ya kiatu. Kulikuwa na karani mmoja pale aliyeleta viatu vyake kutiwa soli. Akarudishiwa soli mpya na barua iliyokunjwa kwenye kisigino, akaombwa aiweke mezani kwa mkubwa wake bila kusema ilikotoka. Fundi alirudi kutoka Ouani amekonda, tukamweleza yote. Aliuliza jambo moja tu, kwamba amewekwa wapi. Tukamwambia wa kwanza. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa kiti chake, akaomba kahawa.

Wiki tatu zikapita bila jibu, na ukimya ule ulikuwa na mdomo. Tukila, kila mmoja alitega sikio uchochoroni. Kiatu kigumu kikisikika, kwa kuwa sisi tulivaa makubazi, mikono yote ilisimama juu ya sinia moja, na ilishuka tu baada ya kiatu kupita. Mwanamume wa nafasi ya kumi na nne alikwenda kumtembelea dada yake Domoni akasahau kurudi. Wa ishirini na mbili alinifuata bandarini kuniuliza kama wino wa jina lake unaweza kufifia wenyewe. Kibandani kwa Bwana Ankili wakanizulia mzaha, ukipiga chafya, mmoja ananong'ona, "Haya, Moroni wameshasikia." Nilicheka nao.

Walikuja Alhamisi, karibu na alasiri. Askari wawili, gari moja ambalo liliachwa nje ya mji wa kale kwa kuwa halipiti. Walisimama mlangoni mwa chuo, watoto wakiwa katikati ya sura, na Fundi akawaomba wasubiri wamalize. Wakasubiri, kwa sababu mmoja wao alikuwa mtoto wa Mutsamudu na aliijua bakora ya Fundi. Kisha Fundi akatafuta kofia yake, akatafuta fimbo yake, akatoka baina yao kwa mwendo wake mwenyewe, nao wakalazimika kuufuata. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia, mlangoni kwa Bwana Ankili. Niliona kila kitu. Walimpeleka Ouani kwenye uwanja wa ndege, na kutoka huko Moroni. Watoto chuoni waliendelea kusoma, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache, na sauti zao zilisikika mtaani mpaka magharibi.

Ijumaa baada ya sala tulikaa ukumbini watatu. Chakula kilikuwepo, pilau, kwa kuwa Ijumaa ni Ijumaa, na hakuna aliyekigusa. Nilijaribu kueleza. Nikasema mzungu hasomi kama sisi. Kwake yeye wa kwanza ndiye kiongozi, ndiye aliyechochea, na hao wengine wamemfuata. Nikasema mzee wa miaka sabini na zaidi watamwonea huruma. Bwana Ankili alinitazama nikome, lakini mimi nikiogopa ndipo maneno yanapofunguka, nikaanza na habari ya mashine. Ma Zaharati akanikatiza.

"Katibu. Nani aliandika jina la baba?"

"Mimi, Ma Zaharati."

"Basi utakwenda kulifuta."

Meli ya mizigo iliondoka jioni ile ile. Nilisafiri juu ya magunia ya karafuu baina ya mbuzi kumi na moja, na wote kumi na mmoja walitapika kabla yangu. Hilo la mbuzi si kweli. Mimi ndiye niliyeanza. Moroni nilifika Jumamosi na nikapokewa na Mmadi, mtu wa Vouvouni aliyefanya kazi bandarini kama mimi. Mkewe alinipa chumba cha nyuma, chenye kitanda cha kamba na magunia ya mkaa, akaniletea shelisheli la kuchoma na mchuzi wa pweza. Kupitia ukuta wa makuti nilimsikia akimwambia mumewe kwamba mgeni huyu ana macho ya mtu anayetafutwa. Mmadi akamwambia ashushe sauti. Akaishusha, na niliendelea kumsikia: ana watoto wanne, mmoja ananyonya, na kama wazungu wakija watamkuta nani kwanza? Asubuhi Mmadi alinipa kahawa amesimama. Kingazidja chao na Kindzuani changu vilipishana, tukawa tunaelewana kwa kurudia rudia, lakini hili alilisema mara moja tu na nililielewa. Alisema, "Ukiulizwa unalala wapi, sema msikitini."

Jumatatu nilikwenda kwenye lango la kambi, nikasema nimekuja kwa habari ya mzee kutoka Mutsamudu. Mlinzi akaniambia nirudi kesho. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilirudi mjini nikipiga hatua ndefu, nikanunua embe, na nilipokuwa nikilimenya nikamwona Fundi moyoni akitafuta kofia yake, na embe likanishinda. Jumanne nikarudi, nikaambiwa nirudi kesho. Jumatano sikuambiwa nirudi. Nilifunguliwa.

Chumba kilikuwa na meza, mzungu mwenye shingo nyekundu akila papai kwa kijiko, na mkalimani aliyevaa sare, mtu wa Moroni wa makamo, macho yamechoka. Barua yangu ilikuwa mezani, ina alama ya rangi ya viatu. Na pembeni, nyeupe, ndefu kunizidi, ikinguruma, ilisimama mashine. Vitenzi vyote vya Kifaransa vikanikimbia, vya kawaida na visivyo vya kawaida. Mkalimani akaniambia kwamba mimi ni wa mwisho kwenye karatasi hii; wa mwisho anataka nini?

"Wa mwisho ndiye aliyeandika," nikasema. "Wa kwanza aliwekwa kwa heshima tu. Hata hakuwepo."

Mkalimani akanitazama kwa mara ya kwanza. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Kwenye shughuli, sinia la kwanza ni lake?"

"Ni lake. Hata akiwa mgonjwa linawekwa, halafu linapelekwa kwake."

Akamgeukia mzungu akasema naye kwa muda mrefu. Niliyadaka maneno matatu: mzee, chakula, mjinga. Mjinga nilikuwa mimi. Mzungu akaweka kijiko chini, akainuka, akaiendea ile mashine, nami nikafumba macho nikingoja kusikia sauti yangu mwenyewe. Nikasikia chupa. Alikuwa ametoa maji baridi. Lilikuwa friji. Mtu mwingine angecheka moyoni; mimi nilijua mara moja kwamba mashine yenyewe iko chumba cha pili. Mzungu akanywa, akauliza jambo moja, na mkalimani akalileta bila kulipamba: kama yule mzee siye mkubwa wenu, mkubwa ni nani?

Katika simulizi zangu za miaka arobaini nilitoa hapa hotuba. Ukweli ni kwamba nilisema neno moja.

"Mimi."

Mkalimani alitoka. Kijiko kiligonga ganda la papai. Aliporudi alisimama karibu nami akasema chini chini, "Mzee wako hayupo hapa tena." Nikamuuliza yuko wapi. "Nimesema hayupo," akajibu, na nikatolewa kwa mlango mwingine, si ule nilioingilia.

Siku tisa nilikaa kwenye ghala la mchele pamoja na watu wanne ambao hatukuulizana majina. Hapa sina idadi ya kuongeza. Hawakunipiga. Tulipewa wali wa baridi na dagaa wa kopo, na mlango ulifunguliwa mara mbili kwa siku. Lakini maneno yale, hayupo hapa tena, nililala nayo na kuamka nayo, kwa kuwa niliyaelewa kwa namna moja tu. Nilimsomea Fundi yale yote aliyonisomesha, na nilipokosea nilisubiri bakora, na ilipokosa kuja nililia. Nilijaribu kupanga jinsi nitakavyomwambia Ma Zaharati. Nilianza mara nyingi na sikupita neno la kwanza. Mtu mwongo mwongo kama mimi, mcheshi wa kibandani, huwa hana maneno madogo. Nilikuwa na makubwa tu, na hayo hayafai kumwambia mtu kwamba umemwulia baba yake kwa adabu.

Ijumaa ya wiki ya pili wakaniita, wakanipa viatu ambavyo havikuwa vyangu, wakaniambia niende. Bila sababu, bila karatasi. Mmadi alinipeleka mwenyewe bandarini na kunitia melini. Niliposhuka Mutsamudu nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu, na nikakutana na sauti za watoto. Fundi Daruweshi alikuwa chuoni kwake, bakora mkononi. Aliponiona aliinuka, yeye ambaye hakuwahi kuinuka kwa ajili ya kapera, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umekula?" akaniuliza. Nikamweleza yote hapo hapo, mlango, mzungu, papai, neno langu moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi. Jioni Ma Zaharati alinimiminia maji kwenye bilauri kubwa, si kikombe, akajaza mpaka juu. Nikaona nimesamehewa. Kabla mwaka haujaisha lori lilishuka kutoka mlimani na mabomba yenye pete nyekundu, na juu ya mabomba, wamekaa kama malkia, wanawake wawili wa mtaa waliojitanda shiromani, wakisimamia kila moja lilipofukiwa. Maji yakatoka. Mpaka leo mtaani kwetu saruji ikija, watu wawili wanakwenda kuipokea. Na mimi nikaanza kusimulia jinsi neno langu lilivyomtoa Fundi kambini saa ile ile. Hakuna aliyenipinga. Nilidhani ni kwa sababu nilisimulia vizuri.

Hitima ya Bwana Ankili ilisomwa kwenye ukumbi ule ule. Fundi amekwisha kutangulia zamani. Saa ya ukutani imetolewa, wameweka televisheni. Baada ya dua na chakula nilikaa na wajukuu wa Ma Zaharati nikaanza hadithi yangu, naye ameketi kitandani, karibu miaka themanini, miguu haifiki chini. Aliniacha nipite mbuzi, aliniacha nipite papai. Nilipofika kwenye neno "Mimi" akainua mkono.

"Katibu, sasa inatosha. Baba hakutolewa na neno lako. Wewe uliingia kambini Jumatano. Jumatatu baba alikuwa amelala kitanda hiki."

Nikamuuliza basi ni nani aliyemtoa. Akanieleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchambua mchele. Jumamosi ile, mimi nikiwa baharini, aliwaita wanawake wote ambao baba yake aliwasomesha. Kila mmoja alichana karatasi moja ya daftari la mtoto, akaandika kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuoni kwamba anauliza mabomba yako wapi, na juu yake akaweka jina moja, lake mwenyewe. Hapakuwa na la pili. Wakaenda ofisini wakaketi uani, sitini na watatu. Mkubwa wa ofisi akatuma mtu aulize kiongozi wao ni nani, na kila aliyeulizwa alinyosha karatasi yake: mimi hapa, wa kwanza. Hata kabla ya adhuhuri mkubwa alikuwa ameshika simu ya Moroni.

"Na mbona hamkuniambia?" nikasema. "Miaka yote hii."

"Majina yetu yalikuwa mikononi mwao. Na wewe ungekuwa umeshayataja yote sitini na matatu kabla hujafika Ouani. Baba alisema uachwe."

Wajukuu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema si kitu, angalau nilijitoa mwenyewe kwa ujasiri wangu. Ma Zaharati hakucheka. Alisema, "Mmadi alituletea habari kwamba umeingia na hukutoka. Jumamosi ya pili tulirudi pale pale, na karatasi nyingine sitini na tatu. Hizo zilikuwa zako."